Kompyuta Iliyojibu Kwanza

Tangu kaka yake Revocatus apotee na ile meli ya kutoka Bukoba, mwaka wa tisini na sita, Odeta hakuweza kuona watu wamejazana mahali bila kuanza kuwahesabu moyoni. Kanisani alihesabu. Kwenye foleni ya bombani alihesabu. Mama yake aliyebaki Kamachumu aliwahi kumwuliza inamsaidia nini. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa hakika watu waliokuwa ndani ya meli ile walikuwa wangapi. Mtu anazama, na hata kwenye hesabu hayumo.

Kwa hiyo alipopata kazi kwa Jitesh aliipokea kama kitu alichokuwa akikitafuta bila kujua. Jitesh alikuwa mtu wa Mwanza hasa. Babu yake alifika zamani akiuza vitambaa na chumvi, na yeye mwenyewe alikijua Kisukuma kuliko vijana wengi wa mtaa wa Mabatini. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, watu binafsi wakaanza kujiingiza kwenye mambo ambayo zamani yalikuwa ya mashirika ya umma, naye akanunua boti. Aliiita Tulia. Ilichukua abiria kutoka gati dogo upande wa Igogo kuwapeleka Nansio, kisiwani Ukerewe, na cheti chake kiliruhusu watu mia na hamsini.

Jitesh alikuwa amewajua baadhi ya waliozama na ile meli. Aliapa kwamba boti yake haitazidisha hata mmoja, na kwa kuwa alijijua kwamba ni mfanyabiashara na siku moja tamaa ingeweza kumshinda, aliweka kompyuta. Madirisha mawili ya tiketi, moja la Rose na jingine la Venant, yaliunganishwa kwa nyaya na mashine kubwa iliyokaa chumba cha nyuma. Tiketi ikikatwa dirisha lolote, mashine kubwa inapunguza nafasi moja. Nafasi zikiisha, madirisha yote yanagoma. Odeta, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa mlezi wa mambo hayo.

Watu wa gatini waliizoea mashine hiyo, na zaidi ya wote Kapteni Nkwabi, mzee wa umri wa baba yake Odeta, mwenye maneno machache. Kabla ya kuamuru kamba zifunguliwe alikuwa akimgeukia na kuuliza, "Mashine inasemaje, mwanangu?" Odeta anamtajia idadi. Kapteni anaitikia kwa kichwa, na Tulia inaondoka.

Shida ilikuwa namba. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao lazima iwe na namba yake, la sivyo mashine nyingine haziwezi kuitambua, na Odeta alikuwa akiziandika mwenyewe, moja moja, ndani ya kila kompyuta. Mwezi wa saba kompyuta ya mhasibu ilipelekwa kutengenezwa ikarudi na namba ileile ya dirisha la Venant. Fahali wawili hawakai zizi moja. Zile kompyuta zikagombana, dirisha la Venant likafa abiria wakiwa wamefurika, na Odeta alihangaika asubuhi nzima kabla ya kugundua kisa. Toka siku hiyo hakulala vizuri. Alikuwa akisoma kitabu kinene alichokuja nacho kutoka chuoni, akaona humo kwamba mashine kubwa inaweza kufundishwa kugawa namba yenyewe. Kompyuta ikiwashwa inauliza kwenye waya, nani atanipa namba. Mashine kubwa inajibu, chukua hii. Na mashine hiyo haiwezi kumpa mtu namba ambayo imeshampa mwingine.

Alimweleza Jitesh kwa simu, kwa kuwa Jitesh alikuwa Nairobi kwa shughuli zake.

"Ukishaweka hivyo tutakuwa hatuna wasiwasi tena?" Jitesh aliuliza.

"Ndiyo, bosi," alisema Odeta, na alipoweka simu chini akatamani angesema neno lenye mlango wa kutokea.

Aliifanya kazi hiyo Jumapili, siku ambayo Tulia haikwenda safari. Alifuta namba za mkono katika kila kompyuta, akaiamuru mashine kubwa igawe namba zinazoanza na kumi, akaziwasha kompyuta zote. Zikauliza, zikajibiwa. Alizizima akaziwasha tena. Alikata tiketi ya uongo kwa Rose akaona nafasi imepungua kwa Venant. Kila kitu kilikuwa sawa, na usawa wenyewe ndio uliomtisha, maana alikuwa amekisoma kitabu tu na hajawahi kumwona mtu yeyote akiifanya kazi ile kwa macho yake.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya wiki ya Krismasi. Wakerewe, Wajita na Wasukuma wenye kwao visiwani walikuwa wamejaa gatini tangu alfajiri na magunia ya mchele, mabati, kuku, magodoro yaliyokunjwa. Jitesh aliingia na begi jeusi begani, amerudi kutoka Nairobi usiku uliopita. Mkewe Lata alikuwa pamoja naye. Walimsalimu Odeta wakaingia chumba cha kazi cha Jitesh na kufunga mlango. Madirisha yakafunguliwa. Odeta alisimama nyuma ya Rose, kisha nyuma ya Venant, akiangalia nafasi zikipungua, na pole pole mabega yake yakaanza kushuka.

Ndipo umeme ukakatika.

Betri ya akiba ya mashine kubwa ilikuwa imeshachoka zamani, kwa hiyo nayo ilizimika na wenzake. Odeta alikimbia nyuma kwenye jenereta, ambayo siku hiyo iliamua kukohoa kwanza. Ilipowaka alirudi mbio kwenye mashine kubwa, akakaa mbele yake kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Ilikuwa mashine nzito kuamka. Ilijikagua, ikajikagua tena, ikahesabu kumbukumbu zake, na wakati wote huo kelele za abiria zilikuwa zikipenya ukutani. Hatimaye ikaamka. Odeta akaona tiketi za Rose zinaanza kuingia, nafasi zinapungua. Akashusha pumzi. Akabaki pale, akiilinda, akiogopa hata kuipa kisogo.

Rose aliita kutoka dirishani kwamba foleni imekwisha na watu wote wamepanda. Odeta akatazama kioo cha mashine: tiketi mia moja na nne. Akashangaa kidogo, maana kwa umati ule alitegemea boti ijae pomoni. Alijiambia labda wengi walikuwa wasindikizaji. Akatoka kwenda gatini.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Mashine inasemaje, mwanangu?"

"Mia moja na nne."

Kapteni Nkwabi akaitikia kwa kichwa, akageuka kuwaambia vijana wa kamba. Odeta naye akainua macho kuitazama Tulia, na macho yake, kwa ile tabia yake, yakaanza kazi. Benchi ya kwanza. Benchi ya pili. Watu walikuwa wamekaa wamebanana, na wengine wamesimama kwenye ujia wa katikati, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye Tulia. Alifika katikati ya boti akawa ameshapita mia. Ndani ya boti, karibu na ubao wa kupandia, palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, ameshika tiketi yake kwa vidole viwili. Haikuwa tiketi ya kompyuta. Ilikuwa karatasi ya waridi iliyoandikwa kwa kalamu, ya kutoka kwenye vile vitabu vya zamani, vya kabla ya kompyuta.

"Mama, hii umekata dirisha gani?"

"Lile la kaka mrefu," alisema yule mama, akielekeza kwa Venant.

"Kapteni," Odeta aliita. "Usifungue kamba. Tafadhali."

Nkwabi akageuka. "Kuna nini?"

"Ile idadi niliyokutajia siyo. Sijui wako wangapi."

Mzee akamtazama, kisha akaitazama boti yake, namna ilivyokaa majini. Akainua mkono, na vijana wakaziacha kamba.

Jitesh aliona boti haiondoki akaja kwa haraka, jasho limemtoka. Upepo ulikuwa umeanza kuamka, na kila mtu wa ziwani anajua kwamba anayechelewa kuondoka anakutana nao mbele.

"Odeta, tunangoja nini?"

"Bosi, dirisha la Venant halikuwa linasoma kwenye mashine kubwa. Ameuza kwa vitabu vya mkono. Mashine imehesabu watu wa Rose peke yao, na wa Venant wa kabla ya umeme kukatika."

"Lakini uliniambia hakutakuwa na wasiwasi tena."

"Nilikuambia hivyo."

Nyuma yake abiria walishaanza kunung'unika. Bwana mmoja mwenye suti, aliyekaa mbele, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kampuni hii inawachezea watu na Krismasi yao. Odeta alimwona Jitesh akipima: upepo, watu, jina lake mjini, boti. Kwa kitambo kifupi aliogopa kwamba angesema twende hivyo hivyo, maji yametulia, ni mwendo mfupi tu. Akajua pia kwamba kama angesema hivyo, yeye Odeta angelala pale kwenye ubao wa kupandia ili wamkanyage.

"Kuna vishina vya tiketi," alisema Jitesh. "Tuvihesabu."

"Dirishani kwa Venant kuna vitabu vitatu, vyote vilishaanzwa zamani. Hatutajua kishina kipi ni cha leo."

"Washuke," alisema Kapteni Nkwabi.

"Wote?"

"Wote. Nitawapandisha mwenyewe."

Kushusha watu waliokwisha kukaa ni kazi kuliko kupandisha ng'ombe kwenye lori. Wengine walikuwa wamefunga kuku chini ya benchi. Wengine waliamini kwamba atakayeshuka hatapanda tena, na katika hilo hawakukosea. Bwana wa suti alikataa kabisa kuinuka. Odeta akapanda hadi alipokuwa, akachuchumaa mbele yake.

"Kaka, mimi ndiye niliyekosea hesabu," alimwambia. "Nilikuwa na ndugu yangu kwenye ile meli ya Bukoba. Nakuomba ushuke, tukuhesabu, upande."

Yule bwana akachukua mkoba wake akashuka, na wengine waliokuwa wakimtegea yeye wakamfuata.

Kapteni Nkwabi alisimama mwanzo wa ubao. Kila aliyepita, mzee alimgusa begani na kutaja namba yake kwa sauti, mtu mzima kwa mtoto, hata wa mgongoni alipata namba yake. Odeta alikuwa upande wa pili akihesabu kimya kimya, na kila baada ya muda walitazamana kuhakikisha wako pamoja. Watu waliacha kunung'unika, wakabaki kusikiliza zile namba. Alipotaja mia na hamsini, mzee aliweka mkono wake mbele ya aliyefuata, ukabaki hapo kama kizuizi.

Waliobaki gatini walizidi arobaini.

Odeta aliwatazama. Hao ndio wangekuwa majini sasa hivi, juu ya wale mia na hamsini, na upepo huu, wakati kwenye kioo chake imeandikwa mia moja na nne. Jitesh naye aliwatazama. Akashika nguzo ya gati.

"Itarudi kuwachukua mchana huu huu," aliwaambia, na sauti yake haikuwa ya mfanyabiashara. "Mtakunywa chai kwangu. Hakuna atakayelala hapa."

Yule mama mwenye mtoto alikuwa mmoja wa waliobaki. "Nilikata tiketi kama wenzangu," alimwambia Odeta. "Kosa langu ni nini?"

"Huna kosa, mama. Ni letu."

Tulia ikaondoka. Odeta hakungoja kuiona ikipotea nyuma ya mawe makubwa ya ziwani, akarudi ofisini kwa Venant.

Venant alikuwa amekaa, mikono magotini. "Nilipoiwasha tena kompyuta ikasema haiioni mashine kubwa," alisema kabla hajaulizwa. "Watu walikuwa wanapiga dirisha. Nilimwambia Rose akuambie."

"Nilidhani umeshakwenda kumwambia mwenyewe," alisema Rose kutoka dirishani kwake, huku akifuta macho.

Odeta hakuwa na nguvu ya kumlaumu mtu. Aliketi kwenye kiti cha Venant akaiuliza kompyuta namba yake. Namba zote alizozipanga zilianza na kumi. Hii ilianza na mia moja tisini na mbili. Hakuipanga yeye, na mashine kubwa haikuijua. Akaenda kwa Rose: kumi. Akaenda kwa mhasibu: mia moja tisini na mbili.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine kwenye waya kinachogawa namba. Mwanzoni alidhani amekosea mwenyewe Jumapili, akapitia mipango yake yote kwenye mashine kubwa, mstari kwa mstari, akitafuta kosa ambalo karibu alitamani alione ili jambo liishe. Halikuwepo. Basi akaenda kwenye kisanduku cha ukutani kinachokusanya nyaya zote, akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, na kila akichomoa aliizima kompyuta ya Venant na kuiwasha aone itapewa namba gani. Waya wa chumba cha mizigo, hakuna mabadiliko. Waya wa mhasibu, vilevile. Alipochomoa waya wa chumba cha Jitesh, kompyuta ya Venant ikauliza kama kawaida, ikasubiri kidogo, ikapewa namba inayoanza na kumi.

Alibisha hodi. Lata alikuwa amekaa mbele ya laptopu mpya, na waya wa simu ulitoka upande mmoja, waya wa mtandao wa ofisi upande mwingine. Jitesh alikuwa amesimama dirishani akitazama watu wanaokunywa chai.

"Bosi, hii mashine umeiunganisha lini?"

"Asubuhi, tulipoingia. Nimeinunua Nairobi." Alisita. "Dhara, binti yetu aliyeko Leicester, amejifungua. Mama yake alitaka kuona picha. Fundi wa Nairobi alinionyesha kitufe cha kuwagawia wengine intaneti, nikasema basi ofisi nzima itumie. Nilitaka kuwashtukiza."

Odeta alielewa yote kwa mara moja. Kitufe kile kiliifanya laptopu nayo iwe mgawaji wa namba. Asubuhi haikudhuru, maana kila kompyuta ilishapewa namba yake. Umeme ulipokatika kila kitu kikafa, isipokuwa laptopu, iliyokuwa na betri yake. Jenereta ilipowaka, kompyuta ya Venant iliamka ikauliza nani atanipa namba, na mashine kubwa ilikuwa bado inajikagua usingizini. Akajibu aliyekuwa macho. Rose alichelewa kuwasha yake, akaikuta mashine kubwa imeshaamka. Alimweleza Jitesh hivyo hivyo, kwa maneno ya kawaida.

Lata aliziba mdomo kwa ncha ya sari. "Kwa hiyo ni picha za mtoto," alisema.

"Hapana, mama," alisema Odeta. "Nilisema kompyuta yoyote ikichomekwa itapokea namba yenyewe. Sikusema kwamba kompyuta yoyote inaweza pia kugawa. Nilikuwa nimesoma, ukurasa wa mbele kidogo. Niliona haituhusu."

Jitesh alichomoa waya wa ofisi kwenye laptopu kwa mkono wake, akauacha chini. "Turudi kwenye namba za mkono?" aliuliza.

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Angesema ndiyo, asingelaumiwa na mtu. "Zile nazo zilitufanyia hivi hivi mwezi wa saba," alisema. "Ugawaji ubaki. Lakini kila umeme ukirudi, dirisha lisifunguliwe mpaka nimeona namba ya kila kompyuta kwa macho yangu. Betri ya mashine kubwa inunuliwe. Na kapteni awe anahesabu vichwa ubaoni, mashine iseme isiseme."

"Na vile vitabu vya waridi?"

"Nitavichoma leo."

Alasiri upepo uliongezeka na ziwa likageuka rangi ya bati kuukuu. Walikaa kando ya redio ya upepo, ile ya kuzungumza na boti, Odeta, Jitesh na Lata, wakisikiliza mikwaruzo. Odeta alikuwa akifikiria tofauti ya boti yenye watu mia na hamsini na yenye karibu mia mbili inapopanda wimbi lile, na alijitahidi asifikirie. Redio ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, ndipo sauti ya Nkwabi ikatoka mbali, ikikatika katika.

"Tumefika Nansio. Wamelowa, lakini wote wameshuka. Nageuza nije kuwachukua hao wengine upepo ukipungua."

Lata alianza kulia pole pole. Jitesh aliinuka kwenda kuwaambia watu wa gatini.

Jumatano umeme ulikatika tena, foleni ikiwa ndefu. Rose na Venant walifunga madirisha yao bila kuambiwa, na watu wakaanza kupiga mbao kwa ngumi. Odeta aliwasha jenereta, akangoja mashine kubwa iamke yote, kisha akasimama katikati ya chumba.

"Washeni," alisema.

Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Rose, macho kwenye kioo chake.

"Yangu inaanza na kumi," alisema Rose.

Venant alikuwa bado anangoja, amekisogelea kioo. Nje mtu alipiga kelele kwamba watu wamechoka.

"Kumi," alisema Venant.

"Niione."

Akaenda akaiona, akaisoma mara mbili, ndipo akawaambia wafungue.